Gari la ndoto yangu na neno "sina"

Leo naomba nianze na kisa changu mwenyewe, kwani ni vigumu kumnyooshea kidole mwingine katika jambo ambalo mimi mwenyewe limenishinda.

Usiku mmoja mdogo wangu alinipigia simu. Ni kijana mpole, haombi ovyo. Baada ya salamu na kuuliza hali za watoto akasema, "Kaka, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ni laki tisa. Kama unaweza kunikopesha, nitakurudishia kidogo kidogo." Nikamjibu, "Mdogo wangu, Wallahi sina." Akasema, "Haina neno kaka, Allah atafungua njia." Tukaagana.

Sikusema uongo. Mfukoni sikuwa nazo na benki hazikuwepo. Lakini nilipokata simu nilisogea dirishani, nikaliona gari langu uani, limefunikwa turubai, limetoka kwa fundi siku tisa tu nyuma. Fundi nilikuwa nimemlipa milioni nne na laki sita. Tangu usiku ule swali moja haliniachi: mtu anaposema "sina" ilhali alikuwa nazo na amezipeleka anakokupenda, je, amesema kweli?

Nieleze kwanza gari lenyewe. Tangu nikiwa sekondari nilikuwa na picha ya gari la mbio niliyoibandika ndani ya kifuniko cha sanduku langu la bweni. Lilikuwa Mazda 787B, lililoshinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans kule Ufaransa mwaka 1991, na kuifanya kampuni hiyo kuwa ya kwanza ya Japani kushinda pale. Nilisoma kwamba injini yake haikuwa na pistoni, nikaona ni maajabu. Miaka ikapita, nikapata kazi, nikaoa, nikajenga vyumba vyangu vitatu. Mwaka 2021, baada ya kudunduliza kwa muda mrefu, niliagiza kutoka Japani Mazda RX-8 ya mwaka 2006. Hadi kulitoa bandarini, pamoja na ushuru wake, nilikuwa nimetumia milioni 17.

Sitaki kuwa mnafiki nikasema gari lile halikunipa raha. Lilinipa. Jumapili baada ya sala ya Alfajiri, kabla mji haujaamka, nilikuwa nalitoa taratibu hadi Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa mwaka 2022. Bahari upande mmoja, upepo unaingia, injini inanguruma kwa sauti nyororo kama cherehani kubwa. Milango ya nyuma hufunguka kinyumenyume, na wanangu walikuwa wakigombania nani aifungue. Watoto wa mtaani wakilisikia walikuwa wakikimbia kando ya barabara wakipiga makelele. Mshale wa mizunguko ya injini unaweza kupanda hadi elfu tisa, ingawa mjini sheria hairuhusu zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Hata hivyo, kujua tu kwamba nguvu ipo chini ya mguu wako kuna ladha yake.

Je, raha ile ilikuwa dhambi? Siamini hivyo. Katika Surat An-Nahl Allah (SW) anatukumbusha kuwa amewaumba farasi, nyumbu na punda ili tuwapande na wawe pambo pia. Hakutaja kazi peke yake, alitaja na pambo. Mtume (SAW) aliwashindanisha farasi, na Abdullah bin Umar (RA) alikuwa miongoni mwa walioshindana. Kwa hiyo anayesema Muislamu hapaswi kufurahia kipando kizuri anaifanya dini kuwa nzito kuliko ilivyo.

Tatizo langu lilianza baada ya raha, katika matunzo. Injini ya gari hili ina rota mbili zenye umbo la pembetatu zinazozunguka ndani ya chumba chake. Kwenye kila ncha ya rota kuna sili nyembamba inayosugua ukuta. Ili sili zisikauke, injini hujidungia oili kidogo kidogo na kuiunguza pamoja na petroli. Yaani kupungua oili si ugonjwa wake, ndivyo lilivyoundwa. Mwenye gari la kawaida anaweza kusahau oili hadi siku ya sevisi. Mimi kila nikijaza mafuta mara mbili lazima nifungue boneti nipime. Tena ukiliwasha likiwa baridi, ukalisogeza hatua chache kumpisha mgeni kisha ukalizima, petroli hulowesha plagi na kesho yake linaweza lisiwake kabisa. Kwa hiyo hata kulisogeza uani kunataka nia na muda.

Ongeza na mji wetu. Tumbo la gari haliko juu ya lami hata sentimita 15, na matuta yetu unayajua. Nilijua kila tuta kutoka nyumbani hadi kazini kama ninavyowajua majirani. Spea nyingine ukiziulizia Gerezani unaonyeshwa za gari jingine na kuambiwa zitaingia tu, kwa hiyo unaagiza nje na kusubiri. Mafuta linakunywa, kwenye foleni lita moja hainifikishi zaidi ya kilomita sita. Mvua ikinyesha usiku naamka kutazama maji yamefika wapi.

Nilianza kuona kitu hakiko sawa mwezi wa Ramadhani. Tupo katika Tarawehe, nje ya msikiti nikasikia pikipiki ikianguka kwa kishindo. Imamu alikuwa anasoma, na mimi moyo wangu ulishatoka kwenda kwenye maegesho. Wafasiri wengi wanapoeleza aya za Surat Sad wanasema Nabii Suleiman (AS) alionyeshwa farasi wazuri jioni moja, akawaangalia hadi jua likazama. Ikiwa Nabii mwenye ufalme alipata mtihani kwa farasi wale, mimi mwenye gari moja lililotumika miaka 15 kabla yangu ni nani nisipate?

Kisha likaja kosa langu. Siku ya Idi tulitoka kwenda Bagamoyo. Kwa haraka za Idi sikupima oili. Njiani taa ikawaka, nikasema nitafika. Tulifika, lakini wiki iliyofuata gari likawa halina nguvu na haliwaki likiwa na joto. Fundi alipolipima mgandamizo akaniambia, "Sheikh, sili zimekwisha. Hapa ni kufungua injini yote." Sikumlaumu yeye wala aliyelitengeneza. Kosa lilikuwa langu. Nikauza kiwanja kidogo nilichokuwa nimekipata nje ya mji, nikalipa milioni nne na laki sita. Na siku tisa baadaye ndipo simu ya mdogo wangu ikaja.

Sasa turudi kwenye swali. Nilijitetea kwa hoja nyingi, na naziandika hapa kwa sababu najua na wewe msomaji una zako. Nilisema: mali yangu ni ya halali. Wanangu wanakula na wanasoma. Zaka natoa. Mdogo wangu si yatima, ni mtu mzima mwenye nguvu. Na kama kila mwenye ndugu mwenye shida atakatazwa kitu kizuri, basi hapa mjini hakuna atakayenunua hata kitanda cha mbao nzuri, kwa maana nani kati yetu hana ndugu mwenye shida? Hoja hizi si za kipuuzi, na hiyo ya mwisho mpaka leo sijaivunja yote.

Lakini nilipoitazama hiyo ya zaka nilishituka. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) alieleza kuwa Muislamu hadaiwi zaka kwa farasi wake. Kwa msingi huo masheikh wetu hufundisha kuwa gari la matumizi yako halina zaka. Sawa. Zile milioni 17 zilipokuwa fedha zilikuwa zimevuka nisabu, na kila mwaka maskini walikuwa na haki yao humo ya laki nne na elfu ishirini na tano. Nilipozigeuza kuwa gari, haki ile ikakatika. Sijavunja sheria yoyote. Lakini nafuu ile imewekwa kwa ajili ya mtu na kipando chake, na mimi kipando nilikuwa nacho. Gari hili lilikuwa la pili. Je, mlango alioachiwa mwenye haja, mimi mwenye matamanio nikiupitia, nimeingia kwa adabu?

Hoja iliyonigusa zaidi nimeipata katika ile hadithi mashuhuri ya farasi. Mtume (SAW) alisema farasi huwa kwa watu watatu: kwa mmoja ni ujira, kwa mmoja ni sitara, na kwa mmoja ni mzigo wa dhambi. Farasi ni yuleyule, bei huenda ni ileile. Tofauti iko kwa mwenye farasi. Na yule wa katikati, ambaye farasi ni sitara kwake, anasifiwa kwa kutoisahau haki ya Allah katika shingo na mgongo wa mnyama wake. Nikajiuliza, mgongo wa gari langu una haki gani, na nimemlipa nani?

Hapo ndipo nikaona nilipokosea. Siku zote nilikuwa nikijiuliza kama bei ilikuwa israfu, wakati bei hulipwa mara moja ikaisha. Matunzo hayaishi. Kitu cha kutunzwa hujiingiza katika foleni ya watu wanaokudai. Mke ana haki, watoto wana haki, mwili una haki, ndugu wana haki, na sasa gari nalo limesimama mstarini. Tena lina sauti kuliko wote. Linawasha taa, linagoma, linavuja. Mdogo wangu yeye huona haya, hupiga simu mara moja na ukimjibu "sina" anasema haina neno. Hivyo mimi bila kukaa chini na kuamua kwamba gari ni bora kuliko ndugu yangu, nilijikuta namlipa anayepiga kelele na kumpita aliyenyamaza. Nadhani wengi wetu ndivyo tunavyofika huko. Hatumchagui gari tukamwacha ndugu. Tunaitikia kengele tu, na ndugu hana kengele.

Mdogo wangu hakupata kodi. Alihama na mkewe wakaenda Chanika kwa wakwe. Mwanawe alibaki shule ileile hadi mwisho wa muhula, akiamka saa kumi usiku kuwahi daladala. Mwezi uliofuata alikuja kunisalimia. Alipoliona gari uani uso ukamng'aa. "Kaka, kumbe limepona!" akasema. Kabla sijajibu alishakunja mikono ya shati na kuchota maji, akaanza kuliosha. Hakujua limepona kwa shilingi ngapi. Mimi nilisimama pale nimeshika ndoo, sikuweza kumtazama.

Mke wangu alisema, "Baba watoto, liuze tupumzike." Nililifikiria. Siku zijazo huenda nikaliuza. Lakini sikutaka kujidanganya kuwa kuliuza kutaniponya, kwa maana anayeuza gari akabaki na moyo uleule atanunua kengele nyingine. Kwa hiyo nilijiwekea mambo mawili. La kwanza, kila shilingi inayoingia kwenye matunzo ya gari hilo, shilingi nyingine naiweka kwenye mfuko wa ndugu, na kama sina ya pili basi ya kwanza haitoki, gari likae chini ya turubai. Na mgongo wake nao nikautoa. Jirani akiugua usiku anagonga. Juzi nilimpeleka hospitali bibi wa nyumba ya tatu, na kumtoa katika kiti kile cha chini ilibidi tuwe watu wawili, mwenyewe akicheka na kuuliza kwa nini nimenunua gari la kukalia chini kama jamvi.

La pili ni la ulimi. Nimeacha kusema "sina." Ndugu akiniomba nami fedha nimezipangia gari, najilazimisha kuisema sentensi yote kama ilivyo: "Ninazo, ila nimeziweka kwa ajili ya gari." Ijaribu ndugu msomaji, kwa gari lako, simu yako, sherehe yako au fanicha zako. Kuna siku sentensi hiyo inatoka vizuri, kwa kuwa aliyeomba hana haja kubwa na wewe una haki ya kustarehe. Na kuna siku ulimi unakataa kabisa. Siku ulimi ukikataa, ujue fedha hizo haziendi kwa fundi.

Kodi ile nilimpa baadaye kwa mafungu matatu. Amerudi mjini, lakini mwanawe alishahamishwa shule na mtihani wa mwaka ule aliufanya vibaya. Hilo sikuweza kulirudisha.

Mtume (SAW) alikuwa na ngamia jike akiitwa Al-Adhbaa, asiyeshindwa mbio. Siku moja bedui akaja na ngamia wake kijana akamshinda, Waislamu wakahuzunika. Akawaeleza kuwa Allah amejiwekea kuwa hakuna cha dunia kinachonyanyuka ila atakishusha. Gari langu nalo litashuka, sili zake zitakwisha tena, na kutu ya bahari haina rafiki. Namuomba Allah siku hiyo isinikute nimeshughulika nalo wakati simu ya ndugu yangu inaita. Wallahu a'lam.