Je, Haya Inazuia Tiba?



Dada mmoja aliuliza swali katika darsa letu: mwanamke mwenye uvimbe sehemu za siri akiamua kusubiri kwa Allah badala ya kumwonesha daktari utupu wake, amekosea? Hoja yake ilikuwa nzito. Alimtaja yule mwanamke aliyekuwa akishikwa na kifafa, akamwendea Mtume (s.a.w.) amwombee. Alipewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira. Wanazuoni wengi wameichukua hadithi hiyo kuwa dalili kwamba kujitibu si faradhi katika kila hali.

Mimi nasomea udaktari, na naona hoja hiyo haiufikii ugonjwa tunaouzungumzia.

Saratani ya sehemu za nje za uke ni nadra, na ndani yake zimo aina nadra zaidi. Upo ugonjwa wa Paget, unaoonekana kama wekundu na muwasho wa kawaida. Mwanamke anaweza kupaka dawa ya fangasi miezi, hata miaka. Ipo melanoma, ambayo mtu huweza kuidhania baka tu. Upo uvimbe wa tezi ya Bartholin, pembeni mwa mlango wa uke, ambao kwa msichana mara nyingi ni maji au usaha, lakini kwa aliyevuka miaka 40 daktari mwangalifu hauachi bila kuupima. Hakuna hata mmoja unaotambulika kwa maelezo ya mdomo kwenye dirisha la duka la dawa. Lazima pawe na jicho la kuangalia, kisha sindano ya ganzi, na kipande kidogo cha nyama kiende maabara. Ukigunduliwa mapema, mara nyingi hukatwa sehemu yenye ugonjwa na ukingo wa nyama nzima kuizunguka. Ukiachwa ukafika kwenye tezi za kinena, upasuaji huwa mkubwa, na mionzi huweza kufuata. Aliyekimbia kuonwa na mmoja leo, kesho ataonwa na wengi.

Sasa turudi kwa yule mwanamke. Aliujua ugonjwa wake, akautaja kwa Mtume mwenyewe, akaelezwa njia mbili, ndipo akachagua. Anayejipaka dawa kwa siri hajachagua subira. Hajui hata anachokisubiria.

Na hadithi haiishii hapo, ingawa wengi huikatia hapo. Mwanamke yule alisema kwamba akianguka mwili wake hufunuka, akaomba asifunuke, Mtume akamwombea. Haya yake haikuitwa ushamba. Hapo sisi wa udaktari tuna deni, maana pazia lisilofunga na wanafunzi sita waliosimama miguuni mwa kitanda bila idhini ya mgonjwa si dharura ya aina yoyote. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Brunei mwaka 1993, liliweka utaratibu: atafutwe kwanza daktari mwanamke Mwislamu, akikosekana mwanamke asiye Mwislamu anayeaminika, kisha mwanamume Mwislamu, kisha asiye Mwislamu, mwanamume aangalie kiasi cha haja tu, na awepo maharimu, mume au mwanamke mwaminifu.

Lakini huyo wa kwanza katika orodha atatoka wapi? Kuna wazazi wanaomwambia binti kwamba udaktari una miaka mingi, atachelewa kuolewa. Kisha mke wa mtu anaumwa, na mumewe anamnyima nauli ya kutoka Arua hadi Taasisi ya Saratani pale Mulago kwa kuwa huenda daktari akawa mwanamume. Sioni haya katika hilo. Naona mtu anayelinda jina lake kwa mwili wa mwenzake.

Kwa dada yule jibu langu ni kwamba mgonjwa aende aonwe, ajue. Kama anaruhusiwa kuikataa tiba baada ya kujua, hilo ni suala jingine. Wapo wanazuoni wanaosema tiba huwa wajibu pale kuiacha kunapoleta kifo, nami nimeelemea kwao.