Nani Aulizwe Kabla Mgomba Haujabadilishwa?

Kutoka Kawempe hadi Kawanda ni mwendo mfupi wa takisi kwenye Barabara ya Bombo. Unapita Maganjo, na kabla hujafika Matugga umeshafika kwenye Maabara za Taifa za Utafiti wa Kilimo, ambako kwa miaka mingi wanasayansi wa Uganda wamekuwa wakichunguza mgomba. Ukielekea upande wa mjini, si mbali na Bwaise, lipo soko la Kalerwe, ambako malori hushusha mikungu ya matooke iliyotoka magharibi mwa nchi. Maabara na soko viko karibu hivyo, lakini sidhani kama muuzaji mmoja kati ya kumi pale Kalerwe anaweza kueleza kinachofanyika ndani ya ua wa Kawanda. Wala sidhani kama amewahi kuulizwa maoni yake.

Swali langu linatoka hapo. Je, watu wanaokula chakula fulani wana haki ya kuulizwa kabla hakijabadilishwa? Na kama wanayo, kuulizwa maana yake ni nini?

Kwanza tuone kilichowasukuma watafiti. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliripotiwa hapa Uganda. Waganda wanauita kiwotoka. Husababishwa na bakteria ambaye hapo awali alijulikana Ethiopia. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati huku ndani zimeoza, na ukikata shina unaona usaha wa manjano ukitoka. Wadudu huubeba kutoka ua hadi ua, na panga la mkulima hulifikisha shina la pili kile lilichokichukua kwenye shina la kwanza. Kinga zipo: kuvunja ua dume mapema kwa kijiti chenye pembe, kuchoma panga kwenye moto au kuliosha kwa jiki, kung'oa shina lililougua. Zinafaa, lakini zinadai kazi isiyokwisha, na jirani mmoja mzembe anatosha kuurudisha ugonjwa. Katika aina za migomba tunazopanda, hakuna iliyopatikana yenye kinga kamili.

Kwa hiyo watafiti walitafuta kinga nje ya mgomba. Walichukua jeni mbili za pilipili hoho, zilizotolewa bila malipo na taasisi ya Academia Sinica ya Taiwan kupitia shirika la AATF lenye makao yake Nairobi, wakaziingiza kwenye migomba na kuijaribu Kawanda kuanzia mwaka 2010, ndani ya ua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014, na baadhi ya migomba hiyo ilisimama imara pale mingine iliponyauka. Katika eneo hilohilo kuna kazi nyingine, ya ndizi yenye vitamini A, iliyofanywa pamoja na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Queensland, Australia, kwa fedha za wakfu wa Bill na Melinda Gates. Jeni yake ilitoka kwenye ndizi ya Papua New Guinea iitwayo Asupina. Yaani ndizi imesaidiwa na ndizi mwenzake. Wanaotishwa na neno "jeni" wangefanya vizuri kulikumbuka hilo.

Katika mijadala yetu chuoni maswali mawili huchanganywa kila mara. Moja ni kama ndizi hiyo ni salama. Hili ni la maabara na vipimo, na kura ya watu haiwezi kulijibu: watu milioni wakiamini kitu ni sumu, hakigeuki sumu. La pili ni nani mwenye haki ya kusema ndiyo. Hili halimalizwi na vipimo. Daktari anaweza kuwa na uhakika kamili kwamba dawa yake itaniponya, na bado akanikosea akinimiminia kinywani nikiwa nimelala. Mtafiti anayejibu "ni salama" pale alipoulizwa "mbona hamkutuuliza" amejibu swali la mtu mwingine.

Tutazame jambo lililotokea Marekani. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa kilitangaza kutafuta wanawake 12 wa kula ndizi hiyo yenye vitamini A, ili ipimwe inavyofanya kazi mwilini. Kila mmoja angelipwa dola 900. Wanafunzi wenzao walizua maswali, na mwaka 2016 wakawasilisha malalamiko yaliyotiwa saini na maelfu ya watu. Mimi simlaumu mtu kwa kufanya jaribio hilo. Kinachonigusa ni kwamba yule mwanafunzi wa Iowa, ambaye ndizi hiyo haikutengenezwa kwa ajili yake, angeelezwa, angesaini, angelipwa, na angeweza kubadili nia asubuhi yake. Mama wa Kawempe, ambaye imetengenezwa kwa ajili ya watoto wake, angeikuta siku moja kwenye fungu.

Na fungu halina lebo. Kuna wanaosema kwamba mlaji atakuwa na uhuru wa kuchagua sokoni. Wanafikiria duka lenye rafu na pakiti. Kalerwe unanunua mkungu mzima uliobebwa kwa lori pamoja na mingine mia, au unanunua zilizokwisha kumenywa, zimefungwa kwenye mfuko. Ndizi iliyomenywa haisemi ilitoka shamba gani, seuze jeni gani.

Mpaka hapa ninaonekana kama mpinzani wa Kawanda, lakini hoja ya upande wa pili ni nzito. Muhogo na mahindi vilitoka Amerika. Posho, ambayo mwanafunzi wa Uganda hawezi kuikwepa, imetokana na mmea ambao babu zetu wa mbali hawakuujua, wala hakuna aliyewaitisha mkutano. Hata mgomba wenyewe asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, ingawa Mganda akisema emmere, chakula, anakusudia matooke kwanza. Zaidi ya hayo, Kawanda hiyohiyo mwaka 2010 ilitoa aina mpya ya matooke iitwayo Kiwangaazi, iliyopatikana kwa kuchavusha mimea bila uhandisi wa jeni, na sikumbuki kusikia mtu akidai aombwe ridhaa. Ikiwa tunadai kuulizwa kwa kila badiliko, tumechelewa kwa miaka elfu.

Jibu langu ni kwamba babu na bibi zetu waliulizwa, ila si kwa karatasi. Mgomba hausambai kwa mbegu. Husambaa kwa chipukizi ambalo mtu humpa mwenzake. Jirani anakupa chipukizi la Nakitembe au Mbwazirume, unalipanda pembeni mwa lusuku, unangoja, unapika, unaonja. Ukipendezwa, unaongeza. Usipopendezwa, unang'oa, na hakuna aliyeumia. Wanawake waliotunza mashamba ya Buganda walifanya kazi hiyo vizazi kwa vizazi. Kila aina tuliyonayo ilipita kwenye idhini ya namna hiyo, ya polepole, yenye mlango wa kutokea. Kwa hiyo ninapouliza kama watu wameulizwa, siulizi kama kuna saini. Ninauliza kama walijua wanachopokea, na kama wangeweza kukirudisha.

Hapa biolojia ina neno la kusema katika maadili. Matooke karibu yote ni tasa. Chavua yake haiendi kugeuza shamba la jirani kama mahindi yanavyoweza kufanya. Kwa hiyo anayetumia hoja zilezile za mahindi dhidi ya ndizi anasema jambo lisilolingana na mmea wenyewe. Lakini utasa huohuo haumzuii mtu kumpa shemeji yake chipukizi bila kumweleza lolote. Mlango wa kutokea upo shambani. Kadiri mkungu unavyosafiri kuelekea Kampala, ndivyo mlango unavyozidi kuwa mwembamba.

Bunge letu lilijaribu. Oktoba 2017 lilipitisha mswada wa bioteknolojia, na Rais Museveni akakataa kuutia saini. Kati ya mambo aliyoyataja ni kwamba sheria ilimlinda mwenye hataza ikasahau jamii zilizoikuza mbegu ya asili, na kwamba mbegu za asili zisichanganywe ovyo na zilizobadilishwa. Watafiti wengi walikasirika. Mimi naona hoja ya kwanza ilikuwa ya haki kabisa, awe ameisema kwa sababu gani: aliyeongeza jeni moja kwenye Nakitembe hakuianzisha Nakitembe. Mwaka 2018 Bunge likapitisha mswada mwingine, wenye masharti makali zaidi ya kuwajibika kwa madhara, nao ukarudishwa. Mwaka huohuo Tanzania iliamuru majaribio ya mahindi ya aina hii huko Makutupora, Dodoma, yasimamishwe. Kenya iliondoa marufuku yake mwaka 2022, kisha shauri likahamia mahakamani.

Wengine hufurahia ukimya huo wakidhani kungoja hakumgharimu mtu. Kunamgharimu. Mkulima ambaye shamba lake limenyauka amelipa tayari, na hakuulizwa kama anataka kungoja. Sisi wa Kawempe ndizi zikipanda bei tunakula posho, viazi au muhogo, tunalalamika, maisha yanaendelea. "Hapana" yangu ni rahisi kwangu kwa sababu gharama yake anaibeba mtu mwingine. Ndiyo maana sikubali kwamba kila sauti katika jambo hili iwe na uzito sawa. Anayepoteza shamba asikilizwe kwanza, na wakazi wa mjini, pamoja na wanaharakati ambao chakula chao hakitegemei mgomba wowote, wasikilizwe baada yake. Lakini wasikilizwe.

Jambo hilo linawezekana bila miujiza. Kawempe kuna mabaraza ya mitaa, LC1, yanayokutana juu ya takataka na mitaro. Yanaweza kukutana juu ya chakula. Wauzaji wa Kalerwe wana viongozi wao. Watafiti wa Kawanda wangeweza kuja na mikungu miwili, mmoja wa kawaida na mwingine ulionyauka, wakaikata mbele ya watu na kueleza kwa Luganda, na kwa Kiswahili kwa wale waliotoka mbali, walichoongeza na kwa nini. Wangeulizwa maswali ya kijinga na mengine ya busara. Nadhani swali gumu kuliko yote lingetoka kwa yule mama anayemenya: akimenya za aina zote mbili kwa kisu kimoja na kuzitia kwenye mfuko mmoja, amwambie nini mteja anayemuuliza ni zipi?