Taa Nyekundu Bila Askari

Kwetu Kenya tunaendesha kushoto, kwa hiyo anayekata kulia ndiye hupita mbele ya magari yanayokuja. Mshale wa kijani hufanya kazi hapo: ukiwaka, magari hayo huwa yamesimamishwa ili wewe upite.

Lakini mtazame dereva wa matatu kwenye taa nyekundu. Mguu uko kwenye klachi, mkono kwenye honi, na macho yanamtafuta askari. Nairobi tumezoea kupungiwa mkono na polisi tupite huku taa ikikataza, tukazoea kumtii mtu kuliko ishara. Bodaboda naye hupenya katikati, kana kwamba taa haimhusu. Pikapu ya miraa kutoka Maua ndiyo usiseme. Inawahi ndege Nairobi.

Haraka haraka haina baraka. Unayemkatia njia huenda ni mwalimu wa mwanao, au muuguzi anayekesha wodini. Leo taa ikisema simama, simama, hata kama askari hayupo. Asubuhi njema, na ufike salama.