Saa 72 za kujuta: Je, anayejisalimisha mwenyewe apunguziwe adhabu?

Katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kuna somo la mwanzo la kompyuta na uandishi wa programu liitwalo CS50. Tangu mwaka 2007 linaongozwa na Profesa David Malan, na tangu mwaka 2012 mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kulisoma bure, awe Boston au Temeke.

Ndugu msomaji, sikusudii kuzungumzia kompyuta kama kompyuta. Kilichonivutia ni kanuni moja ya somo hilo, iliyowekwa mwaka 2014, ambayo kwa lugha yetu tunaweza kuiita kifungu cha majuto. Mwanafunzi aliyefanya udanganyifu katika kazi yake, kisha akajitokeza mwenyewe kwa wasimamizi wa somo ndani ya saa 72, anaweza kupewa hata sifuri kwa kazi ile, lakini hapelekwi kwenye vyombo vya nidhamu vya chuo. Asiyejitokeza akagundulika, hupelekwa huko. Na mwenye kurudia kosa hana uhakika wa kupata nafuu hiyo.

Suala la kujiuliza ni hili: je, hiyo ni haki, au ni kuwalea wadanganyifu?

Kwanza tuelewe udanganyifu wenyewe. Mwanafunzi hupewa tatizo, kwa mfano aandike programu ya kutambua kama namba ya kadi ya benki ni sahihi. Anaandika, kompyuta inakataa. Anarekebisha, inakataa tena, pengine kwa sababu ya alama moja tu aliyoisahau. Imefika saa nane usiku, kazi inatakiwa asubuhi, na rafiki yake amekwisha maliza. Kunakili ni kubofya mara mbili. Na kompyuta haiulizi nani kaandika. Programu ya wizi huenda sawasawa na ile iliyotolewa jasho. Siku hizi hata rafiki hahitajiki, kwani programu za akili bandia huandika jibu zima kwa sekunde chache. Ndiyo maana mwaka 2023 wasimamizi wa somo hilo waliwakataza wanafunzi kutumia ChatGPT na mfano wake, wakatengeneza msaidizi wao anayemwelekeza mwanafunzi bila kumpa jibu.

Walimu wenzangu niliojadiliana nao wana hoja mbili nzito. Ya kwanza, kwamba kanuni hii inamfundisha kijana kusema, "Nitadesa leo, kesho nitajuta." Ya pili, kwamba mwenye kujitokeza huenda hajajuta lolote, bali anaogopa tu, kwa sababu anajua kazi zote hulinganishwa kwa programu maalumu.

Hoja ya kwanza inajibiwa na kanuni yenyewe. Anayejitokeza hatoki na faida, kwani alama aliyoitafuta kwa hila anaikosa. Kwa hiyo mwenzake aliyekesha akapata alama ndogo kwa haki hakudhulumiwa. Tena mlango wenyewe ni mwembamba, maana muda ni mfupi na haukuwekwa kwa ajili ya mwenye mazoea.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi, na hapa sisi Waislamu tuna la kusema. Suratul Maida, aya ya 34, baada ya kutajwa adhabu kali za wanyang'anyi, inawatoa wale waliotubu kabla hawajatiwa nguvuni. Hao nao huenda waliogopa upanga, lakini sheria haikuamriwa kupasua vifua vyao. Mwanaadamu huhukumu kwa dhahiri, na ya moyoni ni ya Allah (s.w.). Pamoja na hayo, wanazuoni wengi wanasema kuwa toba hiyo haifuti haki za watu. Aliyepora atarudisha. Naiona ile sifuri kwa jicho hilo hilo: ni kurudisha kisichokuwa chake.

Kwa hakika kanuni hii haikumaliza udanganyifu. Mwaka 2017 gazeti la wanafunzi wa chuo hicho, The Harvard Crimson, liliripoti kuwa zaidi ya wanafunzi 60 wa somo hilo, wa muhula wa mwishoni mwa 2016, walipelekwa mbele ya baraza la maadili. Mlango ulikuwa wazi, hawakupita. Lakini hilo si hoja ya kuufunga. Mlango wa toba uko wazi mchana na usiku, na wengi hatuugongi.

Tatizo la vyuo vyetu vingi, kama ninavyoliona, ni kwamba tumejua njia mbili tu: kufumba macho au kumfukuza mtu chuo. Anayefumbiwa macho anajifunza kuwa uongo unalipa. Anayejua kuwa akisema ukweli atadisko, anajifunza kuuficha vizuri zaidi. Kijana huyo kesho ndiye atakayeandika programu za mishahara yetu na za dawa za wagonjwa wetu. Siku akigundua kosa alilolifanya mwenyewe usiku wa jana, na hakuna mwingine aliyeliona, tunataka afanye nini? Kama chuoni hakuwahi kuona mtu akisema "nimekosea" kisha akabaki na heshima yake, sidhani kama atasema.

Basi walimu wenzangu, tuwawekee vijana wetu mlango huo: mfupi, wenye gharama, lakini uliowazi. Nanyi wanafunzi, mkiuona, msisubiri saa ya 71.

Wabillahi tawfiq.