Zahiri na Batini ya Taifa: Skovoroda na Waandishi wa Ukraini

Katika wanafalsafa wa Ukraini hapana aliyemiliki kidogo akawarithisha wenziwe kikubwa kama Hryhorii Skovoroda, aliyezaliwa mwaka 1722 katika mji mdogo wa Chornukhy, mwana wa Kozaki mwenye kipande cha shamba, akasoma katika chuo mashuhuri cha Kyiv, akaimba katika kwaya ya kasri la malkia wa Urusi, akasafiri hata Hungaria, akafundisha ushairi na maadili mjini Kharkiv, kisha, ilipomdhihirikia kwamba kila cheo alichopewa kilidai sehemu ya nafsi yake, akaviacha vyote, na kwa miaka 25 ya mwisho ya umri wake akawa msafiri wa miguu, mwenye fimbo na filimbi na Biblia mfukoni, akilala leo kwa rafiki huyu na kesho kwa yule. Wakuu wa kanisa walimsihi awe mtawa, naye akakataa, si kwa kuidharau ibada, bali kwa kuchelea kwamba joho la utawa nalo ni vazi la dunia. Alipofariki mwezi wa Novemba 1794 alikuwa ameusia paandikwe juu ya kaburi lake kwamba ulimwengu ulimwinda lakini haukumnasa.

Msingi wa mafundisho yake ni kwamba kila kilichoko kina tabia mbili, moja ya zahiri ionekanayo kwa macho, na moja ya batini isiyoonekana, na kwamba hiyo ya batini ndiyo iishikayo ile ya zahiri, kama mtofaa ushikavyo kivuli chake: kivuli hurefuka na kufupika na kutoweka, na mti umesimama pale pale. Aliona malimwengu matatu, ule mkuu wa viumbe vyote, ule mdogo ambao ni mwanadamu, na wa tatu wa ishara, ambao ni Maandiko. Na katika kila mmoja, aliyeishia kwenye gamba hakumfikia Mungu. Kwa hiyo elimu ya kwanza kwake ilikuwa mtu kuijua nafsi yake, na furaha ya kweli ikawa kuitambua kazi ile ambayo Muumba alimuumbia na kuifanya hiyo, hata ikiwa haina ujira wala sifa. Msomaji wa pwani aliyepata kukaa na watu wa tasawufi hataona ugeni mwingi katika maneno haya, ingawa Skovoroda aliyafikia kwa njia yake mwenyewe, kwa kuwasoma wahenga wa Kiyunani na mababa wa kanisa, na zaidi ya yote kwa Biblia, ambayo hakuiacha mpaka mwisho wake.

Sasa mafundisho haya yanazaa swali zito, kwa kuwa watu wa Ukraini wameishi sehemu kubwa ya tarikhi yao bila dola yao wenyewe, nchi yao ikigawanywa baina ya Urusi na Austria, lugha yao ikiitwa lahaja ya wakulima. Ikiwa hakika ya mtu ni batini yake, yamkini hakika ya taifa nayo ni batini; na ikiwa ndivyo, mwenye kuchoma nyumba na kuzuia vitabu na kuua washairi amedhuru nini? Usiku wa kuamkia tarehe 7 Mei 2022 kombora la Urusi liliiteketeza nyumba ile ile ya kijijini alimofia Skovoroda, iliyokuwa makumbusho yake. Atakayejibu upesi kwamba kilichoungua ni kivuli na mti haukupata jeraha amenena neno zuri, lakini amelinena mapema mno.

Tuzingatie kwanza jinsi Skovoroda mwenyewe alivyotufikia. Katika maisha yake hakuna hata kitabu chake kimoja kilichopigwa chapa. Vilinakiliwa kwa mikono na marafiki, na mwanafunzi wake Mykhailo Kovalynsky akaandika habari za maisha yake, na nakala hizo zikapita nyumba kwa nyumba, hata mtoto mmoja wa kijijini, aliyezaliwa mwaka 1814 akiwa mtwana katika shamba la bwana, akazinakili baadhi yake katika daftari aliyojitengenezea. Mtoto huyo alikuwa Taras Shevchenko, ambaye baadaye alikuja kuwa mshairi mkuu wa Waukraini. Alikombolewa mwaka 1838 kwa rubo 2,500 zilizopatikana kwa kuichezea bahati nasibu picha ya mchoraji Karl Bryullov, akatoa diwani yake *Kobzar* mwaka 1840, na mwaka 1847 akapelekwa mbali kuwa askari, na mfalme Nicholas akaongeza kwa mkono wake kwamba asiandike wala asichore. Naona katika amri ile ukiri mkubwa: mfalme hakuridhika kuufunga mwili, kwani alijua kwamba batini ya watu husafiri kwa wino na karatasi. Naye Shevchenko akashona vijitabu vidogo, akaandika kwa siri, akavificha ndani ya kiatu.

Mwaka 1863 waziri wa Urusi aliyeitwa Valuev alizuia vitabu vya dini na vya elimu visipigwe chapa kwa Kiukraini, na amri ya mwaka 1876, iliyotiwa sahihi mjini Ems, ikakaza zaidi. Dhuluma hii ya kumzuia mja asilisome neno la Mola wake kwa lugha aliyonyonya kwa mama ndiyo iliyomwamsha Panteleimon Kulish kuifasiri Biblia nzima. Agano Jipya, alilolifanya pamoja na mwanafizikia Ivan Puluj, lilichapwa Lviv, upande wa Austria, mwaka 1880. Mwaka 1885 nyumba yake ya shambani ikashika moto, na muswada wa Agano la Kale ukawa majivu. Mzee huyu akaanza upya. Akafa mwaka 1897 kabla hajamaliza, Ivan Nechui-Levytsky akatimiza yaliyobaki, na mwaka 1903 Biblia ikatoka Vienna, kwa gharama ya chama kile kile cha Uingereza kilichowachapia Waswahili Biblia yao. Hapa Skovoroda anasadikika: moto haukukifikia kile kilichomwezesha Kulish kushika kalamu mara ya pili.

Lakini iko mioto ambayo baada yake hapana wa kuanza upya. Mapema Novemba 1937, chini ya utawala wa Kisovieti, katika msitu wa Sandarmokh, walipigwa risasi Mykola Zerov, mfasiri wa washairi wa Kirumi, na Mykola Kulish wa michezo ya kuigiza, na Les Kurbas wa jukwaa, na Valerian Pidmohylny wa riwaya. Mshairi Vasyl Stus akafa katika kambi ya wafungwa mwaka 1985, na mashairi ya miaka yake ya mwisho, yaliyonyakuliwa na walinzi, hayajaonekana tena. Sithubutu kusema kwamba mashairi hayo yapo salama katika batini. Kwa Mungu huenda yapo. Kwetu hayapo, na aliyeyachukua ana deni. Nionavyo, batini ya taifa haifi kwa upanga, bali imewekwa mikononi mwa watu kuwa amana, na amana yaweza kupotezwa.

Machi 2022, majeshi ya Urusi yakiwa yamekwisha kuingia kijijini kwake karibu na Izium, mwandishi Volodymyr Vakulenko alifukia shajara yake chini ya mcheri bustanini, kisha akachukuliwa, akauawa. Mwezi wa Septemba, nchi ile ilipokombolewa, mwandishi wa riwaya Victoria Amelina alikwenda akachimba mpaka akaipata, akaikabidhi kwa makumbusho ya fasihi ya Kharkiv, akaiandikia dibaji. Kitabu kilitoka mwaka 2023. Na tarehe 1 Julai mwaka huo huo Amelina naye akafariki kwa majeraha ya kombora lililopiga mji wa Kramatorsk.