Urithi wa Gobore

Aliyerithi gobore la babu yake huuliza bunduki ile ni ya aina gani. Ndani ya swali hilo mna jingine lililo zito zaidi: mwenye haki ya kujibu ni nani, chuma au simulizi ya ukoo?

Kabla ya yote mdeki utiwe katika mtutu, kina cha ndani kilinganishwe na urefu wa nje, kwani baruti nyeusi haifi kwa uzee, na shehena iliyosahauliwa na marehemu yaweza kumwua mjukuu. Kisha bunduki isomwe. Kuwasha kwa jiwe la gumegume kulitangulia kuwasha kwa fataki. Mifuo inayojipinda ndani ya mtutu ni dalili ya raifali. Taji na neno TOWER juu ya bamba la mtambo hudai Uingereza, ingawa neno hilo liliigwa kwingine pia. Herufi ELG ni alama ya majaribio ya Liège, Ubelgiji.

Na iwe kwamba ukoo mmoja wa Ungoni husimulia kuwa gobore lao walimnyang'anya askari wa Wajerumani katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Askari wale walibeba Mauser ya mwaka 1871, ijazwayo kwa nyuma. Gobore hujazwa mdomoni. Basi simulizi imepata jeraha. Lakini chuma nacho kisijivune: mwaka uliochorwa juu ya mtambo husema mtambo ulifanywa lini, hausemi nani aliununua, wala kama ulizaliwa pamoja na mtutu.

Linaloumiza ni hili. Katika karne ya 19 magobore mengi yaliingia bara kutoka pwani, yakabadilishwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Mrithi aweza kuogopa kuendelea kuuliza, asije akamkuta babu upande wa mwenye mnyororo. Wako wasemao marehemu wastahiwe, simulizi iachwe. Hoja hiyo ina adabu lakini haina haki, maana waliouzwa nao walikuwa na jamaa. Wala ukweli si lazima ulete aibu: wapiganaji wa Maji Maji wenyewe walishika magobore, na aliyeikabili bombomu kwa silaha ya namna hiyo alihitaji moyo kuliko hata huyo wa katika simulizi.

Mrithi na aandike alama alizozisoma, na kando yake maneno ya wazee kama walivyoyasema, bila kuyarekebisha. Na msasa auweke mbali na bamba lile. Kutu ikisuguliwa, herufi nazo huondoka.