Je, Kupokezana Zamu Kunatosha Kuwa Haki?

Mwanafalsafa wa Marekani John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu nadharia ya haki, alitutaka tuwawazie watu wanaotunga kanuni za jamii yao bila kujua kama humo watakuwa matajiri au mafukara, wenye vipaji au wasio navyo. Wapo waliompinga kwamba hakuna binadamu aliyewahi kukaa katika hali hiyo. Lakini yupo anayeikaribia: mchora ramani za gemu ya kushindana. Dave Johnston alipoitengeneza Dust2 kwa ajili ya Counter-Strike mwaka 2001, alijua kwamba upande mmoja utashambulia ili utege bomu na mwingine utalinda. Nani angekuwa wapi, hakujua, na yeye mwenyewe akiketi kucheza angeweza kuangukia upande wowote. Mtu wa namna hii anadaiwa nini na watakaoingia katika ramani yake?

Jibu jepesi ni kwamba hadaiwi kitu. Katikati ya mechi timu hubadilishana pande, kwa hiyo ramani ikiwapendelea walinzi, kila timu itauonja upendeleo huo. Hesabu hiyo haina kasoro, ila haikuwatosha wachezaji. Nuke, ramani nyingine ya Counter-Strike iliyo katika kinu cha nyuklia, ilijulikana kwa miaka mingi kuwa ngome ya walinzi. Zamu zilipokezwa sawasawa na ushindi ulikuwa halali, lakini mshambuliaji alimaliza kipindi kizima akiokoteza raundi chache huku akingoja zamu yake ya kuonea. Mwaka 2016 ramani hiyo ilirudishwa ikiwa imefumuliwa na kujengwa upya. Zamu husawazisha jumla tu. Nafasi isiyo na tumaini haiponywi na nafasi nyingine yenye neema, hata kama zote mbili zitakaliwa na mtu yule yule. Wanasiasa wetu wanaohubiri kwamba sasa ni zamu ya watu wao kula wangefaa kuitazama Nuke ya zamani.

Basi, atasema mwingine, pande zote zifanywe pacha na mjadala uishe. Gemu ya vita ya StarCraft inalikataa pendekezo hilo. Humo jamii zinazopigana hazifanani: Terran hunufaika na vichochoro vyembamba ambavyo vifaru vyake huvilinda kwa urahisi, ilhali Zerg hutaka uwanja mpana wa kumzingira adui. Ramani iliyolingana kila kona bado inaweza kumbeba mmoja na kumkaba mwenzake. Blizzard, kampuni iliyoitengeneza gemu hiyo, iliacha kurekebisha nguvu za jamii hizo mwaka 2001, na tangu hapo mzigo wa kuzisawazisha ukawaangukia zaidi wachora ramani za ligi za Korea Kusini, waliopanua njia hapa na kusogeza madini kule. Kazi yao ilihitaji kuwajua watakaoikalia ardhi hiyo, jambo ambalo rula haiwezi kumfanyia mtu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la hiari. Gemu ni gemu. Aliyeingia kajiingiza, na mlango wa kutokea uko wazi. Nakubali kwamba hiari hupunguza uzito wa kosa, lakini haimwondolei mchora ramani wajibu, kwa sababu mchezaji amekubali kanuni anazozijua, si kila pembe ya ukuta. Anayeshindwa na mpinzani humjua aliyemshinda. Anayeshindwa na ramani huulaumu mkono wake mwenyewe. Katika Dust2, mlinzi aliyepigwa na mdunguzi kupitia upenyo wa milango ya katikati, raundi ikiwa ndiyo kwanza imeanza, alijiona mzembe wa kuvuka. Miaka mingi baadaye Valve, kampuni inayomiliki Counter-Strike, iliuziba mwono huo, na kwa kufanya hivyo haikuhitaji kugusa kanuni hata moja ya mchezo.